Mama ana ngiri ya kifuani, apasuliwe au tuache?

SWALI: Dokta shikamoo. Mi niko Mbagala, nauliza kwa ajili ya bi mkubwa wangu, ana miaka 68. Mwaka wa nne huu tunatibu vidonda vya tumbo, dawa kameza mpaka kachoka, akila matonge mawili matatu kashiba, kifua kinambana, akitembea kidogo anahema, afu damu inapungua kila mara hadi juzi kaongezewa chupa mbili. Wamempiga siti skani wakasema ni ngiri, eti nusu ya mfuko wa chakula imepanda kifuani, inabidi apasuliwe. Shangazi kakataa kabisa, anasema ngiri ni ya wanaume na dawa yake mizizi. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana kwa kuuguza. Kati ya kifua na tumbo kuna kiwambo, ule msuli mpana wa kuhemea, na kina tundu la kupitisha umio, yaani njia ya chakula. Tundu likilegea, na umri unachangia sana, mfuko wa chakula unapanda. Wengi unateleza kidogo tu wanapata kiungulia, hao vidonge vinawatosha. Ya mama ni ile nyingine ya wachache, mfuko unapenya pembeni ya umio unaenda kukaa jirani na moyo na mapafu, ndo maana akishakula anabanwa. Na ile damu: mfuko unachubuka pale unapobanwa na tundu, unavuja kidogo kidogo wala chooni msione kitu, kwa hiyo mkiongeza damu bila kuushusha mfuko mtarudi palepale.

Shangazi anampenda wifi yake, mwelewesheni taratibu. Ngiri ya kinena ndo ya wanaume zaidi, hii ya kifuani inawapata sana kina mama watu wazima, na hamna mzizi wala kidonge cha kuuvuta mfuko urudi chini.

Zamani kila aliyekutwa nayo alipasuliwa, hofu ilikuwa mfuko kujinyonga, yaani kujisokota hadi damu isipite. Uchambuzi uliotoka 2002 ukaonyesha kwa asiye na dalili hatari hiyo ni kama asilimia 1 tu kwa mwaka, siku hizi hao wengi wanaangaliwa tu. Mama yako siyo wa kundi hilo, anaishiwa damu na kuhema anahema. Angekuwa mama yangu ningekubali, tena sasa hivi damu ikiwa imepanda, kuliko kuja kumpasua kwa dharura.

Mara nyingi ni matundu madogo na kamera. Wanaushusha mfuko, wanatoa utando uliouzunguka kule juu, wanahakikisha umio umeshuka tumboni sentimita 2 hadi 3 bila kuvutwa, wanashona tundu, afu sehemu ya juu ya mfuko wanaizungushia kwenye umio kama shali shingoni ili tindikali isipande, njia aliyoianzisha Rudolf Nissen mwaka 1955. Wengine wanawekewa neti, yaani kipande cha wavu cha kuimarisha mshono wa tundu, muulizeni daktari kama ataiweka na kwa nini, maana utafiti uliofuatilia wagonjwa miaka 5 ulikuta kwenye picha ngiri imerudi kwa zaidi ya nusu, wa neti na wasio na neti sawasawa, ila wengi walikuwa wanaendelea vizuri na wachache sana ndo walirudi kupasuliwa.

Wiki za mwanzo ni uji, mtori, supu iliyochujwa, kidogo kidogo mara nyingi. Mkate, chapati na nyama vinaweza kukwama, visubiri. Soda aache kabisa, kubeua kunakuwa kugumu tumbo linajaa gesi. Na ndoo ya maji asiiguse kama wiki 6.

Mkiwa bado mnasubiri tarehe, akishikwa na maumivu makali chembe ya moyo, anataka kutapika na hakitoki kitu, msimpe dawa ya gesi wala msisubiri kukuche, mfuko unaweza kuwa umejinyonga. Kodini gari usiku huohuo, mwende na ile siti skani, na mkifika tu mwambieni daktari wa zamu mama ana ngiri ya kifuani.