Dunia Haipanuki, Jamani

Swali: Mwalimu, asalaam aleikum. Sisi ni watu watano wa Mji wa Kale, Mombasa. Usiku wa mwezi mchanga hupanda darini na darubini yetu moja, tukawatazama Mshtarii na Zohali mpaka taa za bandarini zitushinde. Juzi tumebishana. Mmoja asema dunia inapanuka, mwengine inatanuka, wa tatu ameshikilia kuwa inafura. Lipi sahihi? Na huo mwisho wa dunia, tuseme itapoa au itajikunja?

Jibu: Wa aleikum salaam. Mmegombania kitenzi usiku kucha, na hakuna hata mmoja kati yenu watano aliyekitazama kiima. Dunia! Dunia inapanuka! Nimelisikia redioni, nimelisoma magazetini, na wiki iliyopita nimelikuta kwenye daftari la mjukuu wangu, limetiwa vyema kwa wino mwekundu. Sasa limepanda hadi darini kwa watu wenye darubini.

Haya, tukubali kwamba dunia inapanuka. Basi mlango wa Likoni ungekuwa unaongezeka kila siku, na abiria wa feri wangefunga masurufu. Lile daraja la kuelea lililowekwa Liwatoni lingekwisha katikati ya maji. Kiwanja cha hamsini kwa mia kule Kisauni kingekuwa hamsini na moja mwaka huu, hamsini na mbili mwakani, na kesi za mipaka zingejifuta zenyewe mahakamani. Wallahi, hakuna Mmvita ambaye angelalamika. Mimi nimepimiwa kiwanja changu mwaka 1987, na juzi nimepimiwa tena. Kimepungua futi tatu, na jirani yangu ajua zilikokwenda.

Kinachotanuka ni ulimwengu. Dunia ni hili tufe tulilolikalia, na neno lenyewe latoka kwa Kiarabu, lenye maana ya iliyo karibu, kinyume cha akhera. Kitu kilichoitwa cha karibu mwakitandazaje hadi masafa ya miaka ya nuru bilioni 46 kila upande, na hapo ni pale tu tunapoweza kuona? (Mwaka wa nuru nao ni masafa ambayo nuru huyakata kwa mwaka mmoja, si muda. Hilo nitaligombea siku nyengine.)

Najua mtakalonijibu: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ni kweli, na ulimwengu huo ni watu na maisha yao. Galaksi ya Andromeda, lile kundi la mabilioni ya nyota, haijamtia adabu mtoto wa mtu. Washairi wa kale wa Lamu nao, walipoulaumu ulimwengu, walikuwa wakiisuta dunia hii hii na hadaa zake. Na binti avishwaye taji la mrembo wa ulimwengu hajawahi kushindana na msichana wa Mirihi. Maneno haya yamechanganyika zamani, na barazani, penye kahawa, nawavumilia. Mwenye darubini mkononi simvumilii.

Mfano wangu ni mmoja, nimeutumia miaka mingi na sitauacha leo. Unga wa mahamri. Usiku umekandwa kwa tui na hamira, ukatiwa iliki iliyotwangwa, ukafunikwa kitambaa. Alfajiri ufunue: donge limeumuka maradufu. Sasa zitazame zile chembe nyeusi za iliki. Mbili zilizoachana upana wa kidole jana, leo zimeachana kidole na robo. Zilizokuwa mbali zaidi zimeachana zaidi. Hakuna chembe iliyotembea, na hakuna iliyonenepa. Kilichoumuka ni unga ulio kati yao. Basi chembe ni magalaksi, na mwaka 1929 mwanafalaki Edwin Hubble alitangaza jambo hilo hilo: kadiri galaksi ilivyo mbali nasi, ndivyo inavyotukimbia kwa kasi. Sisi, jua letu, Kilimia na kila nyota muionayo kwa macho matupu tumo ndani ya chembe moja ya iliki, tumeshikwa na mvutano, wala hatutanuki hata kwa unywele. Andromeda, kwa kuwa i jirani, ndiyo kabisa haikimbii: yaja kwetu, kilomita kama 110 kila sekunde.

Ama hicho kitenzi. Kupanuka kwatokana na -pana, ni kupata upana, kama njia au suruali ya mtu aliyeoa vizuri. Kutanuka ni kuachana pande zote, kama mtu atanuavyo vidole. Mimi nachagua kutanuka. Lakini kupanuka kumeshaingia vitabuni, na mwenye kukusema hatozwi faini. Kufura ni kwa jipu, na kwa kondakta wa matatu aliyepewa noti ya elfu alfajiri.

Na ule ugomvi wa kupoa na kujikunja ni wa ulimwengu tena. Tangu mwaka 1998 wanafalaki wameona kwamba kutanuka kwenyewe kwaongeza kasi, na wengi wao wategemea kutaendelea hivyo mpaka nyota zizimike moja moja na kila kitu kizizime. Semeni kuzizima, chai ndiyo hupoa. Kujikunja kwahitaji mvutano ushinde, na kwa vipimo tulivyonavyo walio wengi hawautarajii ushindi huo.

Mwisho wa dunia una hesabu yake mbali. Baada ya miaka kama bilioni 5, jua litaishiwa na hidrojeni kitovuni, litavimba liwe jitu jekundu, limeze Utaridi na Zuhura, na pengine nasi tumo. Hapo ndipo jua litafura. Mwambieni yule mwenzenu wa tatu kuwa neno lake nimelipatia kazi, ila asubiri.