Plazma ya mama na mwanga wa kuua virusi

Pole dadangu wa Malindi. Mama ameandikiwa plazma, yaani maji ya damu yasiyo na chembe zake, nawe unaogopa virusi, ukauliza kama kweli mwanga huvisafisha. Kweli. Kwa njia hii plazma hutiwa rangi ya methilini bluu, kisha mfuko humulikwa. Rangi ikipata mwanga huharibu chembe za urithi za virusi, visizaane tena. Virusi vya ukimwi na homa ya ini B na C huwezwa vizuri. Homa ya ini A huponyoka, kwani virusi vyake havina utando wa mafuta kama hivyo. Kwa hiyo mwanga hauondoi haja ya vipimo.

Muulize daktari mfuko umepimwa nini, umetibiwa vipi. Kama kwenu kuna upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachokinga chembe nyekundu za damu, mwambie mapema, maana rangi hiyo inaweza kuwadhuru wenye upungufu huo. Nilipomuuguza baba nilikaa naye mpaka tone la mwisho: mgonjwa akitetemeka au akiwashwa, ita muuguzi papo hapo. Lakini plazma usiikatae, tafadhali.