Dawa za homa ya ini C "haziwakubali weusi"? Hiyo habari imepitwa na wakati

SWALI: Shikamoo dokta. Naishi Mississippi, baba mkwe wangu ni Mmarekani mweusi, alipigana Vietnam. Kliniki ya VA, idara ya serikali inayohudumia maveterani (wanajeshi wa zamani), imemkuta na virusi vya homa ya ini C. Anasema weusi dawa haziwakubali, rafiki yake alichomwa sindano karibu mwaka bila kupona, halafu hospitali yenyewe iko mbali, Jackson. Sasa anaagiza vidonge vya kusafisha ini mtandaoni. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Hilo la "haziwakubali weusi" nalisikia kila siku na linanichosha, maana zamani lilikuwa na ukweli ndo mana halifi. Enzi za interferoni, sindano kila wiki na vidonge vya ribavirini juu yake, weusi walipona wachache kuliko weupe na sehemu ya sababu ni jeni inaitwa IL28B, kwa hiyo rafiki yake hajadanganya. Ila tangu dawa mpya ya vidonge, sofosbuvir, iidhinishwe Desemba 2013 mambo yamegeuka kabisa, sasa ni vidonge tu, wiki 8 au 12 kwa wengi, na zaidi ya watu 95 kati ya 100 wanapona, weusi wamo. VA wenyewe wameshatibu zaidi ya maveterani 100,000.

Jackson isimkwamishe. Aombe kuonana na mtaalamu kwa njia ya video, damu atolewe kliniki ya karibu, dawa zije kwa posta. Na kama kumfikia mtaalamu ni zaidi ya dakika 60 za gari aulizie Community Care, atibiwe kwa daktari wa nje VA walipe. Wampime na homa ya ini B kabla ya kuanza, maana kama anayo inaweza kuamka akiwa kwenye dawa hizi.

Sasa hivyo vidonge. Ini halisuguliwi kama sufuria jamani! Mmea wa milk thistle, unaouzwa kama dawa ya ini, ulishajaribiwa kwa wagonjwa ambao interferoni iliwashinda, haukuzidi vidonge vitupu visivyo na dawa, dondoo za chai ya kijani zimeshaharibu maini ya watu, na dawa ya mitishamba ya St. John's wort inapunguza nguvu ya sofosbuvir yenyewe. Wauzaji watakuonyesha karatasi ya vimeng'enya vya ini (kemikali za damu zinazopanda ini likiumia) vimeshuka, wakati kwenye ugonjwa huu vinapanda na kushuka vyenyewe hata usipomeza kitu, virusi vimo tu vinaendelea kulikausha ini. Yeyote anayekuuzia "tiba" mwambie alete kipimo cha virusi vyenyewe kinachoonyesha havimo, cha wiki 12 baada ya mgonjwa kumaliza dozi. Mi sijaletewa hata kimoja.