Daisy: Jicho la Siku au Lulu?

SWALI: Ndugu Mhariri, tumejaliwa mtoto wa kike na tunataka kumwita Daisy, jina alilokuwa akiitwa bibi yake mzaa mama, ingawa vyeti vyote vya bibi huyo vimeandikwa Margaret. Ndugu mmoja anashikilia kuwa Daisy maana yake ni lulu, na mwingine anasema ni jicho la siku. Naomba utuamulie, na utueleze imekuwaje Margaret akaitwa Daisy, maana majina hayo hayafanani hata kidogo.

JIBU: Hongera kwa kujaliwa mtoto. Ndugu zako wote wawili wana hoja, lakini aliyesema jicho la siku ndiye mwenye haki zaidi, kwa kuwa hiyo ndiyo maana ya jina lenyewe, ilhali lulu ni maana ya Margaret, ambayo Daisy imeiazima tu.

Daisy ni ua dogo la Ulaya ambalo wataalamu wa mimea huliita Bellis perennis, nalo ni la jamii moja na alizeti. Huota chini kabisa, katikati ya nyasi fupi, likiwa na kitovu cha manjano kilichozungukwa na petali nyembamba nyeupe ambazo mara nyingi huwa na wekundu kidogo kwenye ncha. (Ukilichunguza vizuri utagundua kwamba unalodhani ni ua moja ni mkusanyiko wa vijiua vingi, na hata kila petali nyeupe ni kijiua kinachojitegemea.) Jioni petali huinuka na kukifunika kitovu, na kunapokucha ua hufunguka tena. Kwa tabia hiyo Waingereza wa kale waliliita dæges ēage, yaani jicho la siku, na matamshi yakaendelea kufupika hadi kufikia Daisy. Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyeishi katika karne ya 14 na kulipenda mno ua hilo, aliitaja maana hiyo waziwazi katika beti zake.

Margaret ilipita njia nyingine. Ilitokana na neno la Kigiriki margarites, yaani lulu, ikaingia katika Kilatini kama Margarita, na ilipofika Ufaransa ikawa Marguerite. Wafaransa walilitumia neno hilohilo kuyaita maua meupe ya jamii ya daisy, na hapo ndipo majina haya mawili yalipokutana. Margaret Beaufort, mama yake Mfalme Henry VII wa Uingereza, alilifanya ua hilo kuwa nembo yake, na baadaye ikawa kawaida kwa Margaret kuitwa Daisy nyumbani. Margaret wa Connaught, mjukuu wa Malkia Victoria aliyeolewa katika ukoo wa kifalme wa Sweden mwaka 1905, aliitwa hivyo na jamaa zake, na mjukuu wake, Margrethe II, aliyekuwa Malkia wa Denmark hadi mwaka 2024, akarithi vyote viwili, jina rasmi na la utani. Utani huo, hata hivyo, haukubaki kwa akina Margaret peke yao: Juliette Gordon Low, aliyeanzisha chama cha skauti wa kike nchini Marekani mwaka 1912, naye alijulikana kwa jina la Daisy.

Kama jina rasmi la kujitegemea, Daisy ilishamiri mwishoni mwa karne ya 19, wazazi wa Kiingereza walipopenda kuwapa binti zao majina ya mimea kama Lily, Violet na Ivy. Katikati ya karne ya 20 ilionekana jina la kizee, lakini tangu miaka ya 1990 imerudi kwa nguvu nchini Uingereza.

Kwa hiyo mkimwandikisha Daisy, hilo ni jina kamili lisilohitaji Margaret nyuma yake. Mkitaka abebe pia lulu ya bibi yake, mwandikisheni Margaret na nyumbani mmwite Daisy. Kuhusu tahajia, Daisy ndiyo ya kawaida, ingawa wapo wanaoandika Daisie, na wasemaji wa Kihispania huandika Daysi au Deysi.