Maswali yenu: mtoto ameongezeka uzito, tufanyeje?

Mwanangu ana miaka sita. Kliniki wamesema amezidi uzito, lakini shangazi zake wanamwita Kibonge na wanamfurahia. Nimpunguzie chakula? (Mama, Tabata)

Usimpunguzie, mama. Bado anarefuka, na kwa wengi wa umri wake inatosha uzito utulie huku kimo kikipanda. Ukimnyima wakati wenzake wanakula, atajifunza kula kwa kujificha. Kibadilike chakula cha nyumba nzima, wewe na baba yake mkiwemo.

Anza na vinywaji, maana hapo ndipo sukari nyingi inapopita bila kuonekana. Chupa ya soda ya kola ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, karibu vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula, pamoja na ile ya asali na juisi, isifike sehemu ya kumi ya nishati anayoipata mtoto kwa siku, na ikiwezekana iwe chini ya nusu ya hapo. Kwa mtoto wako, nusu hiyo haifiki vijiko vitano. Kwa hiyo juisi ya boksi imo kwenye hesabu, na hata ukwaju unaoutengeneza mwenyewe ukaukoleza sukari. Soda ikae ya sikukuu. Siku nyingine ni maji, na chungwa alile na nyama zake badala ya kukamuliwa.

Hilo jina nalo, waombe mawifi zako waliache. Wanalitamka kwa mapenzi, najua, ila shuleni wenzake watalitumia kumcheka, na mtoto anayechekwa mwili wake hukaa pembeni wenzake wakicheza.

Binti yangu wa miaka 11 ni mnene, na ana weusi nyuma ya shingo hautoki hata nikimsugua kwa dodoki. (Baba, Mwanza)

Acha kumsugua, si uchafu. Ngozi ya shingo au kwapa ikiwa nyeusi, nene kidogo, na ukiigusa ni kama mahameli, kwa mtoto mnene mara nyingi ni dalili kwamba mwili hauiitikii vizuri insulini, homoni inayosaidia sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye seli. Mpeleke hospitali wiki hii apimwe sukari na presha. Kisukari cha aina ya pili, ambacho tulizoea kukiona kwa watu wazima, siku hizi kinawapata watoto pia, na kikiwahiwa kuna mengi ya kufanya.

Wangu hagusi mboga kabisa. Namwahidi pipi ndipo ale. (Mama, Morogoro)

Pipi inamfundisha kwamba mchicha ni adhabu na pipi ndiyo zawadi. Mwekee mboga kidogo tu, kijiko kimoja, kila siku, bila kumlazimisha. Kuna watoto wanaohitaji kuonja chakula kipya mara kumi au zaidi kabla hawajakizoea. Mkalishe jikoni akusaidie kuchambua matembele, na mchicha uunge kwa karanga au tui. Muhimu zaidi akuone wewe ukila.

Wajukuu wakija likizo nawapikia vitumbua, mkwe wangu ananuna. Nakosea? (Bibi, Tanga)

Shikamoo bibi. Vitumbua vya siku mojamoja havina neno. Shida ni vya kukaanga vikiwa asubuhi na jioni kila siku, na mtoto kutwa yuko mbele ya televisheni. Siku nyingine wachemshie muhogo au viazi vitamu, jioni watoke uani wacheze rede na kuruka kamba. Watoto wa shule wanahitaji angalau dakika 60 za kuhangaisha mwili kila siku, na kwako nafasi ya kukimbia huenda ni kubwa kuliko mjini. Na mjukuu akisema ameshiba, usimwambie amalizie sahani.