Unapohamia pande tatu, anza na nyumba uliyokwisha kuijenga

Kwa miaka 9 nilichora ramani za nyumba kwa AutoCAD, programu ya kuchora kwa mistari, katika ofisi ndogo iliyopo Mwenge, Dar es Salaam, na muda wote huo sikuona sababu ya kujifunza programu ya pande tatu (3D), ile ya kulijenga jengo zima ndani ya kompyuta. Kazi ilikuwa inakwenda, wateja walikuwa wanakuja, na vidole vyangu vilikuwa vimezoea amri za programu ile kiasi kwamba sikuhitaji kuitazama kibodi. Sababu ilinifuata yenyewe, kwenye nyumba ya ghorofa moja kule Goba.

Kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu palikuwa na mita 3.06, nami nikaigawa kuwa vipandio 18 vya milimita 170 kila kimoja. Kwenye pleni, yaani mchoro wa nyumba ikitazamwa kutoka juu, ngazi ilikaa vizuri. Sekisheni, yaani mchoro wa nyumba ikiwa imekatwa wima, nayo niliichora kwa uangalifu, lakini nilikuwa nimeikata upande wa pili wa nyumba, kwa hiyo bimu (boriti ya zege) iliyobeba slabu (sakafu ya zege ya juu), yenye kina cha milimita 450, haikuonekana popote karibu na ngazi. Siku moja fundi mkuu, mzee aliyeanza ujenzi kabla sijazaliwa, alinipigia simu akaniambia, "Mwanangu, njoo usimame kwenye kipandio cha tano." Nilikwenda, nikamwamkia, nikasimama alipotaka. Kutoka kwenye kipandio kile hadi chini ya bimu palikuwa na mita 1.76, ilhali mtu anahitaji walau mita 2 ili apite bila kuinamisha kichwa. Ngazi ilivunjwa ikajengwa upya ikiwa imegeuzwa, na ofisi yetu ndiyo iliyolipia zege na nondo.

Hakuna mstari hata mmoja katika michoro ile uliokuwa na kipimo kisicho sahihi. Tatizo ni kwamba pleni haikuwa na habari na sekisheni, na mtu pekee aliyetakiwa kuzikutanisha nilikuwa mimi, kichwani mwangu, saa nne usiku. Katika programu za pande tatu kama Revit au ArchiCAD jengo ni moja, na pleni, sekisheni na elevesheni (mchoro wa nyumba ikitazamwa kutoka nje) ni namna tofauti za kulitazama jengo hilohilo, hivyo ukiondoa mlango kwenye pleni umekwisha kuondoka na kwenye elevesheni. Bimu ya Goba ingejitokeza juu ya ngazi mara tu ningeikata nyumba pale penye ngazi, jambo linalochukua sekunde chache.

Ugumu wa kuhama hauko kwenye vitufe, kwa sababu vitufe vinazoeleka ndani ya wiki chache. Ugumu uko kwenye maswali ambayo programu inakuuliza na ambayo mstari haukuwahi kukuuliza. Chukua ukuta. Katika AutoCAD ukuta ni mistari miwili inayokwenda sambamba, na ukishaichora umemaliza. Katika Revit utaulizwa ukuta unaanzia kimo gani na kuishia wapi, umejengwa kwa nini, na kipimo chako kinashika katikati ya ukuta au uso wake. Ukuta wa tofali la inchi 6, yaani takriban milimita 150, wenye plasta ya milimita 15 kila upande, unakuwa na unene wa milimita 180. Chumba ulichokiandika mita 3.6 kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta kina nafasi ya mita 3.42 tu ndani, na hiyo ndiyo nafasi atakayoikuta fundi wa kabati. Mimi niliyajibu maswali haya kwa kubahatisha kwa mwezi mzima, kisha nikagundua kwamba nilikuwa sijui vizuri nyumba zangu zinavyojengwa. Nikaanza kwenda saiti kila Jumamosi, na nakushauri ufanye hivyo mapema kuliko nilivyofanya mimi.

Usianze na kazi mpya ya mteja anayesubiri. Chagua nyumba moja uliyoichora zamani, ikajengwa, na unayoweza kuingia ndani yake ukiwa na tepu mkononi. Iingize ramani yake ya zamani kama msingi wa kufuatia tu, hakikisha vipimo vyote viko kwenye milimita, kisha ijenge kwa mpangilio ambao fundi aliufuata: msingi, jamvi (sakafu ya zege ya chini), kuta, linta (boriti ya juu ya milango na madirisha), slabu, na mwisho paa. Ukitumia SketchUp, programu nyingine ya pande tatu, kila kitu kikusanye kuwa kundi lake mara unapokimaliza, la sivyo nyuso zinazogusana zitashikamana na ukisogeza ukuta utavuta na sakafu. Paa lipe muda wa kutosha, hasa hizi nyumba za siku hizi zenye paa lililofichwa nyuma ya ukuta, kwa maana pale ndipo utakapoona kama mfereji una mteremko wa kutoa maji ya masika au yatatuama juu ya chumba cha kulala.

Kuhusu programu ya kuanzia, kama huna fedha za leseni, FreeCAD ni ya bure kabisa, na mwaka 2024 ilifikia toleo la 1.0. SketchUp nayo ina toleo la bure linalofanya kazi kwenye kivinjari, ingawa litakula bando lako. Programu za wizi zilizovunjwa kufuli zinazosambazwa kwa flashi sikushauri kabisa, kwani kompyuta yenye ramani za wateja si mahali pa kukaribisha virusi.

Jambo linalonihuzunisha ni kuona vijana wenye vipaji wakikimbilia picha za kung'aa kabla ya kujua kujenga jengo lenyewe. Mteja akiona nyumba yake ikiwa na bustani na gari mlangoni hufurahi, na picha hiyo huzunguka WhatsApp nzima ya familia, lakini haimwambii fundi nondo zinakaa wapi. Picha iache hadi nyumba yako ya mazoezi ikupe pleni na sekisheni zinazokubaliana.

Fundi bado atafanya kazi na karatasi, kwa hiyo jifunze mapema kupanga na kuchapisha kurasa kutoka kwenye jengo lako la pande tatu. Siku hizi kila nyumba ya ghorofa ninaipa ukurasa mmoja wa ziada unaoonyesha ngazi peke yake, imekatwa katikati, bimu ikiwa juu yake, na urefu kutoka kila kipandio umeandikwa kwa tarakimu kubwa zinazosomeka hata karatasi ikiwa imechafuka saruji.