Heshima yangu ao Yesu?

SWALI: Yaya, niko na miaka 22, naishi Kadutu, hapa Bukavu. Tangu ku sekondari napendaka sana mambo ya bashevalie, wale baaskari ya farasi ya zamani ya Ulaya, nikajiwekea sheria zangu ine: kusema ukweli, kulinda neno yenye nimetoa, kusaidia mwenye hana nguvu, na kutoacha mtu achezee jina ya familia yetu. Wiki yenye imepita kijana moja alitukana dada yangu mbele ya batu ku butiki, nikamupiga mpaka damu ikatoka mu pua. Pastere wetu anasema hizo sheria ni za bapagani, nichague, heshima yangu ao Yesu. Nifanye nini?
Kijana wa Kadutu

JIBU: Mudogo yangu, nilisoma barua yako mara mbili na mara zote nikasimama palepale, ku damu ya pua. Sheria zako tatu za kwanza sioni pastere gani anaweza kuzikataa. Ya ine njo imekupoteza.

Hao bashevalie unapenda hawakuanza bazuri, walikuwa batu ya farasi na upanga, wengi wao wananyanganya bakulima, mpaka baaskofu wakakutana Charroux, Ufaransa, mwaka 989, wakalaani kila mwenye ataiba mifugo ya maskini ao kupiga padri mwenye hana silaha. Kwa hiyo ile ya kuchunga munyonge, sehemu kubwa ilitoka ku imani. Ya kujionyesha njo ilikuwa yao wenyewe: Kanisa ilikataza michezo yao ya kupigana mu 1130, ikasema mwenye atakufia mule hatazikwa na Kanisa, nao wakaendelea tu.

Lakini mwenye unafanana naye kabisa ni Inyasi wa Loyola, ule mutakatifu mwenye alianzisha shirika ya Bayezuiti. Alikuwa askari, muzinga ikamuvunja muguu ku Pamplona, Hispania, mu 1521. Mwaka wenye ulifuata, iko njiani juu ya nyumbu kwenda Montserrat, fasi ya hija ya Bikira Maria, akakutana na Mwislamu moja wakabishana juu ya Bikira Maria, kisha yule akatangulia na Inyasi akabaki anachemka, jina ya Mama imeguswa, nimufuate nimuchome kisu ao nimuache? Akashindwa kuamua. Akaachilia kamba: nyumbu ikifuata njia ya kijiji, namuchoma, ikifuata ile ingine, namuacha. Ikafuata ile ingine. Fikiria, maisha ya mtu muzima ilikuwa mu miguu ya nyumbu!

Kufika Montserrat akakesha usiku muzima mbele ya Bikira, sawa vile bashevalie walikeshaka, lakini yeye upanga na kisu aliviacha palepale. Nguo zake za bei alikuwa amepatia maskini moja, na yule maskini wakamushika wakifikiri aliiba, Inyasi kusikia vile akalia. Hapo njo napapenda. Ku njia moyo wake ulichemka juu ya jina, sasa analilia mtu.

Kwa hiyo ile ya pastere, kwamba uchague, mimi siikubali. Hapa kwetu Bukavu Askofu Munzihirwa alikuwa Muyezuiti, wa shirika ya huyohuyo Inyasi, mu 1996 vita imefika na yeye akabaki na batu yake, hana bunduki, wakamuua tarehe 29 Oktoba. Nani hapa muji atasema ule muzee hakukuwa na heshima, ao hakukuwa na imani?

Wewe sasa, enda kwa yule kijana, enda na mukubwa moja wa familia, umuombe musamaha ya damu yake, hata kama yeye hajaomba ya matusi yake, na najua hiyo itakuumiza kuliko ngumi. Tena kitu moja. Mu barua yako yote dada yako hasemi hata neno moja. Yeye njo alitukanwa, na hukuandika kama alilia, kama alikuomba umupigie mtu, ao kama alipata haya mara mbili, ya matusi na ya vita yenu. Umuulize leo jioni, na umuache amalize kusema.